Mkebe wa Mbaazi Nane

Zimeni redio mje mkae karibu na kitanda, maana sauti yangu siku hizi haifiki hata mlangoni, na ninayotaka kusema leo sina nguvu ya kuyasema mara mbili. Adrian, mwanangu, vuta ile stuli ukae hapa upande wa kulia. Gladys, weka simu yako inase sauti, iache hapa juu ya mto, na usiizime hata nikikohoa. Gatwiri, binti wa kaka yangu, umefika asubuhi kutoka Mikinduri na bado umesimama mlangoni na mkoba begani kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Simama hapo ukipenda, sitakulazimisha kukaa, ila usiondoke kabla sijamaliza, kwa sababu wosia huu ni wako kuliko ulivyo wa hawa niliowazaa. Nasema Kiswahili kwa kuwa wewe ulilelewa Kimeru, mke wa Adrian ni mtu wa Busia, na sitaki yeyote aje kusema kwamba hakuelewa.

Daktari wa Embu amenirudisha nyumbani. Hakueleza sana, na mimi sikumuuliza, kwa sababu nimeishi na madaftari na najua karani anavyofunga ukurasa uliojaa.

Mnanijua. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 1965, nikawa karani wa mizani katika ghala la pamba, na tangu siku hiyo sijaacha kuandika. Nimeandika tarehe za kuzaliwa kwenu na za ubatizo wenu, mvua ya kwanza ya kila msimu, na siku ambayo kila mti wa mukau pale chini ulipandwa. Watu wa ukoo wakibishana juu ya mwaka fulani huja kwangu, nami hufungua daftari na ubishi huisha. Madaftari yako kumi na manne ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda hiki, na ndani yake kuna ukurasa mmoja nilioandika uongo. Ni ukurasa wa Jumamosi, tarehe kumi na mbili Agosti, mwaka 1978.

Tarehe hiyo mnaijua nyote. Ndiyo siku ambayo kifungua mimba wangu, Mutugi, alikufa maji katika ziwa la Kamburu, akiwa na miaka minane, katika mashua ya mjomba wake Kithaka. Adrian na Gladys, nyinyi hamkuwa mmezaliwa, mmekua mkisikia kwamba mjomba wenu alijaza watu kupita kiasi ili apigiwe makofi na wakubwa. Gatwiri, wewe ulikuwa na miaka sita, ulikuwa ndani ya mashua hiyo, nawe umekua ukisikia kwamba baba yako alikuokoa wewe akamwacha mtoto wa dada yake. Leo nataka kusema kilichotokea. Lakini kwanza nimseme Kithaka, kwa sababu mmerithi aibu yake bila kumrithi yeye mwenyewe.

Kithaka alinitangulia kwa miaka sita. Mwaka 1959 alikwenda Timau kuvuna ngano katika mashamba makubwa ya baridi, na mwenye shamba alikuwa na ndege ndogo ya kunyunyizia dawa. Kithaka akapewa kazi ya kuiosha. Aliiosha miaka miwili, na mwaka wa tatu fundi wa ndege alipougua, ikaonekana kwamba mwoshaji ndiye aliyejua kila skrubu ilipokaa. Barua aliyoniandikia wakati ule ninayo: "Igoki, ndege haina siri. Bawa limepinda juu na kunyooka chini, hewa inanyanyua, basi. Iliyobaki ni kuhesabu uzito." Mtu aliyemaliza darasa la sita aliandika hivyo, na mimi niliyekuwa nikienda sekondari niliisoma mara nne kabla sijaielewa.

Mwaka 1967 alianza kutengeneza ndege yake mwenyewe. Fremu ilikuwa ya mianzi ya mlimani, injini ilitoka katika pampu ya maji iliyotupwa, na mabawa yalikuwa ya kitambaa cha amerikani nilichomshonea kwa mkono, mita thelathini na nane, yeye akakipaka uji wa muhogo mpaka kikakauka na kulia kama ngoma. Kule Timau haikupaa. Ilikimbia juu ya mabua ya ngano mara tatu na kurudi ilipotoka, wenzake wakashika mbavu. Akakaa akafikiri, kisha akasema hewa ya mlimani ni nyepesi kama uji uliozidishwa maji, kwamba huku kwetu chini hewa ni nzito na itambeba. Akaifungua vipande vipande akaileta Kiritiri juu ya lori la viazi.

Hapa walimcheka zaidi. Mwongera, yule muuza nyama, alikuwa akisubiri apite ndipo apaaze sauti mbele ya wateja: "Fundi, hiyo kuku yako itataga lini?" Na Kithaka bila hata kusimama: "Ikitaga nitakuletea wewe uatamie, maana naona nyama haikushughulishi." Mpaka leo watu wa soko wanamkumbuka Mwongera kwa jibu hilo kuliko kwa nyama yake.

Ilipaa mwezi wa pili mwaka 1971, siku ya soko. Mbuzi walikata kamba, wanawake walijilaza juu ya mitama yao, na mimi niliyekuwa nimeshika kamba ya kupimia nilitembea kutoka pale magurudumu yalipoacha ardhi hadi yalipoirudia: mita mia sita na kumi na mbili. Mama yetu Rwamba, ambaye hakuwahi kumsifu mtoto machoni pake, alimuuliza tu, "Na huko juu umeona nini?" Akamjibu, "Nimeona paa letu linavuja upande wa jikoni." Na kweli lilikuwa linavuja.

Hazikupita wiki sita ikaja barua yenye muhuri kwamba hana ruhusa ya kurusha kitu chochote hewani na kwamba akirudia atafungwa. Aliisoma, akaikunja, akaivunja ile ndege kwa mikono yake. Alitii. Nataka mlikumbuke hilo, kwa sababu baadaye walimwita mtu asiyesikia.

Kisha bwawa la Kamburu likajaa. Maji yalipopanda, watu wa upande wetu walitenganishwa na ndugu zao wa ng'ambo, na kuvuka ilikuwa ni kwa mitumbwi ambayo viboko waliipindua walivyotaka. Mke wa jirani yetu alishikwa na uchungu akiwa katikati ya maji, na hakufika yeye wala mtoto. Kithaka alisaidia kumvuta ufukweni. Jioni hiyo alikuja akakaa hapo nje, akaniambia, "Barua yao inakataza hewa. Maji hawakuyataja." Katika gazeti la zamani la yule mwenye shamba wa Timau alikuwa ameona picha ya mashua iliyoinuka juu ya maji kwa mabawa yaliyofichwa chini, na picha hiyo alikuwa ameibeba miaka kumi. "Maji ni hewa nzito tu, Igoki," akasema. "Bawa dogo linatosha."

Alihangaika na bawa hilo dogo miaka mitatu. Mwili wa mashua ulikuwa wa mukau, mti ambao mchwa hawauli. Mabawa aliyachonga kwa mukau vilevile akayavika bati, mawili mbele na moja nyuma, na nyuma kabisa juu ya fremu aliweka injini ya pikapu iliyozungusha pangaboi la mbao, kwa sababu alisema pangaboi la ndani ya maji lingenasa magugu. Mwaka 1977 mashua iliinuka. Niliiona kwa macho yangu. Ilianza kama mtumbwi wowote, ikapiga kelele, kisha tumbo lake likaachana na maji na ikasimama juu ya miguu yake, kimo cha kiwiko, ikapita juu ya vichwa vya viboko wasipate hata muda wa kukasirika. Hapa kwetu hakuna aliyewahi kuona kitu kama hicho. Yeye mwenyewe alikuwa akilia, na alidai ni upepo.

Lakini chombo cha namna hiyo hakisamehe uzito. Kwenye daftari lake, ambalo pia liko sandukuni, ameandika kwa wino mwekundu: yeye mwenyewe na watu wanane, si zaidi. Kwa hiyo ilibidi watu wahesabiwe kabla ya kupanda, na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa maana kwetu mtu hahesabiwi. Mama alipoulizwa ana watoto wangapi alijibu, "Ni hao unaowaona." Kumnyooshea mtu kidole na kumwita namba kulikuwa ni kumwonyesha kwa kifo, na hata leo, Adrian, wewe uliyesoma chuo kikuu, sijawahi kukusikia ukisema tuna mbuzi wangapi.

Tukatafuta njia ya kuzunguka, mimi na Kithaka. Kila anayepanda nilimpa punje moja ya mbaazi, naye aliitupa ndani ya mkebe wa majani ya chai. Kithaka alikaa mbele, uso kwenye maji, mgongo kwa abiria, asingeweza kuona aliyeketi nyuma karibu na injini. Kwa hiyo mimi nilimpa mkebe, yeye akamimina mbaazi kiganjani, akazihesabu, akazirudisha, akaufungia mkebe chini ya kiti chake. Zikiwa nane au pungufu aliwasha injini. Watu hawakuhesabiwa, zilihesabiwa mbaazi. Hata mama alikubali.

Gatwiri, mwanangu, sasa sogea kidogo. Au basi, kaa hapo hapo.

Siku ile walikuja wageni kutoka wilayani na chifu na watu wa kanisa, na kama Kithaka angewaridhisha wangempa kibali cha kuvusha watu. Wageni wanane walichaguliwa. Niliwapa mbaazi nane, moja moja, zikaingia mkebeni. Watoto walikuwa wameambiwa wangepanda safari ya pili. Mutugi alikuwa amevaa shati la shule lililopigwa pasi, alikuwa amenisumbua tangu alfajiri. Mama akanishika mkono akaniambia, "Chombo ni cha mwanangu, na wa kwanza kukipanda wawe wageni? Pandisha hawa wawili." Ni wewe na Mutugi. Nikatia mkono mfukoni kutoa mbaazi mbili, mama akanifunga kiganja. Alisema, "Hawa ni damu yangu. Hawa huwaweki kwenye mkebe."

Nami sikuwaweka.

Msiseme ni mama. Mama alikuwa mtu wa zamani na alifanya alivyofundishwa. Mimi nilikuwa karani wa mizani. Niliwahi kumtundika Mutugi kwenye mizani ya pamba wakati ghala lilipokuwa tupu, alikuwa kilo ishirini na mbili na nusu. Wewe ulikuwa kilo kumi na saba. Nilijua hesabu hiyo kama ninavyojua jina langu, lakini nilipomtazama mwanangu na kuziona zile mbaazi niliogopa kama mama alivyoogopa, nikasema moyoni watoto ni wepesi, ziwa limetulia. Niliwanyanyua mwenyewe kwa mikono hii nikawaketisha nyuma kabisa, kando ya injini, nikawafunika miguu kwa turubai. Kithaka akauliza bila kugeuka, "Mkebe?" Nikampa. Akahesabu nane. Akaniuliza, "Tayari?" Nikasema, "Tayari."

Iliinuka vizuri. Watu walipiga vigelegele. Ilipofika mahali pa kugeuka, ule uzito wa nyuma ukalielemea bawa la nyuma, likakatika, na mashua ikaketi mkia ikapinduka. Kithaka alikuwa ametengeneza mitungi minane ya plastiki yenye kamba ili kila abiria aelee, na wote wanane walielea. Maji yalikuwa mekundu kwa udongo. Katika kutapatapa mkono wake ulikutana na gauni, akalivuta, akakuta ni wewe. Hakukuchagua, Gatwiri. Hakujua kwamba ulikuwa ndani. Hakujua kwamba kulikuwa na mtoto yeyote wa kuchagua. Nilikuwa ufukweni, niliuona uso wake alipokubeba kutoka majini, alikuwa anakutazama kama mtu aliyeokota kitu ambacho hajawahi kukiona, na alisema, "Huyu ametoka wapi?" Kisha akageuka akatazama mitungi yake, akaiona yote minane na watu wake, akanyoosha mikono juu akapaza sauti kwa furaha, "Wote wametoka!"

Ndipo nikapiga kelele nikataja jina la Mutugi.

Watu waliyasikia maneno yake, hawakuelewa alikuwa akihesabu nini, na kila mtu alidhani anajua kwamba watoto walikuwa ndani. Wakasema huyu mtu amemshika wake, na wa dada yake akiwa chini ya maji anashangilia. Alirudi ziwani akapiga mbizi mpaka wakamtoa kwa nguvu, damu ikimtoka puani. Mutugi alipatikana Jumapili.

Siku ya nne baada ya mazishi Kithaka alikuja. Mkebe ulikuwa umeonekana kwenye matete, kifuniko kimekaza, hata tone halikuingia. Aliuweka mezani. Alisema, "Igoki, huu ni wako. Utunze." Alipotoka niliufungua nikahesabu, na nikajua kwamba naye amehesabu.

Wazee wa ukoo wakakaa. Wakamuuliza, "Kithaka, watu wako ulikuwa umewahesabu?" Alinitazama mara moja tu. Nilikuwa nimeketi kati ya wanawake nikiwa nimejifunika khanga, mama mfiwa, kila mtu alikuwa ananionea huruma. Akasema, "Hesabu ilikuwa yangu." Basi wakamhukumu. Walisema kwa damu ya mtoto wangu atoe sehemu yake ya shamba la baba iwe yangu, naye aondoke. Siku kumi baada ya ajali Rais alikuwa amefariki, nchi yote ilikuwa msibani, hakuna ofisi iliyokuja kuuliza zaidi. Jioni ile nilichukua daftari la nne nikaandika: mashua ilizama kwa sababu K. alikosea uzito. Wino ni uleule, mwandiko ni mzuri, hata hautetemeki.

Hakusema kwa sababu angesema angekuwa ameniambia mimi kwamba nimemuua mwanangu. Alinisitiri. Nami nikafikiri, mwaka ujao nitasema, uchungu ukipungua. Mwaka uliofuata mama yako alikuwa amekuchukua, Gatwiri, kwenda kwao Mikinduri, na maneno ya watu yalikuwa yamekufuata mpaka shuleni. Najua barua alizokuandikia ulizirudisha bila kuzifungua, maana zilirudi kwake naye akanionyesha.

Mwezi wa saba mwaka 2006 nilikwenda kumwona Timau. Alikuwa akitengeneza pampu katika shamba la maua mpaka mapafu yalipomshinda. Chumba kilikuwa na baridi ya kuuma mifupa, na ukutani kulikuwa na picha yako ya darasa la nane, ile niliyompelekea, ameikata kwa makasi akawaacha wenzako nje. Hatukulitaja ziwa. Alikohoa, akatulia, akaniuliza, "Gatwiri anajua kuogelea?" Nikasema sijui. Akasema, "Muulize." Hilo ndilo agizo lake la pekee. Niliondoka nimeamua kabisa. Alikufa siku kumi na tisa baadaye, nami bado nilikuwa nikitafuta maneno. Nilikupigia simu kukuambia msiba, ukaniita shangazi kwa Kimeru, "Tata, mimi sina baba wa kuzikwa Timau." Sentensi moja tu ilikuwa mdomoni mwangu. Nilisema, "Sawa, mama." Tulimzika watu wanne, na mhubiri akiwa mmoja wao.

Gatwiri? ... Gladys, ametoka? Nimeona mwanga wa mlango umebadilika. Mwache. Msimfuate. Fungueni tu dirisha, nitajaribu kupaza sauti.

Adrian, unasema nini? Kwamba nimechoka, nipumzike. Kwa hili sijachoka, na najua unachokiogopa kwa sababu nimekulea. Sikiliza. Sehemu ya juu yenye nyumba hii tuliinunua mimi na baba yenu, Mungu amlaze, gawaneni wewe na dada yako kwa mstari wa ule ua wa mkonge. Sehemu ya chini, kuanzia mkondo wa maji mpaka kwenye banda, pamoja na ile miti kumi na mmoja ya mukau, ni ya Kithaka. Niliipata kwa kunyamaza. Imrudie Gatwiri. Nimeandika, nimetia sahihi mbele ya wakili Embu mwezi wa tatu, lakini najua hatimiliki ina jina langu na maiti hasimami mahakamani, kwa hiyo ukitaka kunishinda utanishinda. Sina la kukufanya. Hata kukunyooshea kidole siwezi tena, mkono wenyewe umekataa. Nakuomba tu.

Na ile mashua iliyotolewa ziwani, iliyo bandani, haiuzwi. Najua umepatana na mnunuzi wa vyuma chakavu, na lori linakuja Jumatatu. Mwambie alirudishe. Uso wako unasema ni takataka, mbao na bati na injini iliyokufa. Huenda ni hivyo. Lakini nenda ukalitazame bawa la nyuma pale lilipokatika, ukalisome pamoja na daftari lake, na umpeleke mtu anayejua hesabu, akuambie kama lilikuwa na kosa kwa watu wanane. Mimi nimeipiga hesabu hiyo mara nyingi. Halina kosa. Yule mtu hakukosea hata gramu moja. Kisha Gatwiri ndiye ataamua, akitaka kuichoma aichome.

Mkanisahihishie daftari la nne. Msiufute ule ukurasa. Andikeni chini yake: si kweli, na mtie tarehe ya leo.

Nizikeni kando ya Mutugi, bila hotuba. Mkitaka kusema kitu kaburini, wekeni hii sauti mliyoinasa, mbele ya ukoo, wale wajukuu wa wazee waliomhukumu wawepo. Nimejaribu kuwaita nikiwa hai... nimewaita mara mbili. Mara zote mbili niliwapikia chai wakaenda.

Maji kidogo, Gladys. Basi. Basi, yatosha.

Sasa inama, utoe mkebe ndani ya sanduku la bati, nyuma ya madaftari. Huo. Taratibu, kutu imekula mdomo wake. Kila mwaka nilizipaka mbaazi zake majivu zisitobolewe na fukusi, ndiyo maana ni nyeupe. Ingia jikoni utoe mbaazi mbili kwenye gunia, mbili tu, umpelekee Gatwiri pamoja na mkebe na ile sinia ya bati. Usimwambie neno. Ukimkuta amekwenda barabarani, rudi tu, na wewe usinidanganye kwamba umempa.

Adrian, niinue kidogo... hivyo. Mama yetu alipokuwa anakufa alitutemea mate ya baraka kifuani, mimi na Kithaka, wakati ule tukiwa hatusemezani. Kinywa changu kimekauka. Lete kichwa chako hapa, nikiguse. Mke wako pia. Mungu awape watoto, na awape mtu wa kuwaambia ukweli mapema. Muwe na maji ya kutosha. Msiogope... msiogope kuhesabiana. Mtu asiyehesabiwa... hakuna anayejua kwamba hayupo.

Gladys amerudi? Mikono yake ni mitupu? Basi amepokea.

Nyamazeni kidogo. Hiyo ni sinia. Amezimwaga. Anahesabu, mnamsikia? Mimi simsikii vizuri, nisaidieni... ngapi? Nane. Ndiyo, nane. Ndivyo alivyoona baba yake. Mwambieni aongeze ya Mutugi.

Mwambieni...

Gatwiri, mama, ongeza na yako.